Daftari la Bahari Moja

Saa saba na dakika ishirini na tano mchana, Ijumaa, tarehe 14 Juni 1974, gogo la mpingo lililokuwa likizuia mlango wa chumba cha mbele halikuwa mahali pake. Hilo ndilo jambo la kwanza aliloliona Somoe binti Mwinjuma alipoingia nyumbani kwao Temeke na kilo mbili za sukari, alizozipangia foleni tangu saa tano. Gogo lilikuwa katikati ya sakafu. Baba yake alikuwa kando yake, kifudifudi, na meza yake ya kuandikia ilikuwa imesukumwa hadi ukutani.

Inspekta Msaidizi Projestus Rutaihwa alifika saa nane na dakika tano. Alikuwa na miaka thelathini na minane, mzaliwa wa Bukoba, na kazini walimjua kwa tabia moja: hakuuliza swali kabla ya kumaliza kuandika alichokiona. Aliandika hivi:

“Marehemu amepigwa mara mbili kisogoni. Gogo la mpingo lina damu upande mmoja. Dirisha limefungwa kwa ndani. Hakuna kilichovunjwa. Juu ya meza: wino, miwani, karatasi ya kufungia wembe wa kuchongea penseli, wembe wenyewe haupo. Daftari kubwa la jalada jeusi, limeandikwa kwa mkono, herufi za Kiarabu. Karatasi kumi na moja za mwanzo ni tupu. Karatasi kumi na nne za mwisho zimekatwa kwa wembe, vishina vimebaki.”

Alilifunga daftari kwa karatasi ya kaki, akatia lakiri na sahihi. Kuanzia hapo lilikuwa kielelezo, na kielelezo hakifunguliwi ovyo.

Marehemu hakuwa mtu wa kutambulishwa. Mwinjuma Fakihi, miaka sitini na tisa, alizaliwa Ukanga, kisiwa kidogo kusini mwa Mafia. Alikuwa mbunge kwa miaka minane, na kabla ya hapo alizunguka pwani nzima akihutubia na kuandika magazetini. Yeye ndiye aliyezitoa hadharani, mwaka 1956, zile barua saba za kale ziitwazo Barua za Ukanga. Humo wazee wa kisiwa waliwaandikia wenzao wa Kilwa na wa Ngazija, visiwani Komoro, kwamba hawatauza mtu wala kununua mtu, kwa kuwa “sisi ni watu wa bahari moja.” Maneno hayo yalipakwa rangi kwenye kuta za shule. Watu wa Lindi, Mafia, Bagamoyo na Tanga, ambao zamani kila mmoja alijiita kwa mji wake, walianza kujiita kwa jina hilo. Watoto waliyakariri kabla hawajajua Ngazija iko wapi.

“Nani alikuwa akimtembelea?” Projestus alimwuliza Somoe. Walikuwa uani. Somoe alikuwa na miaka ishirini na sita, mwalimu wa shule ya msingi, na alijibu akiwa wima, kanga imekazwa kiunoni.

“Kila mtu. Lakini wiki hii watu watatu. Binamu yangu Mwishehe. Marselino, fundi kinyago wa pale nyuma. Na Ndugu Audax wa Utamaduni.”

“Daftari lile lilikuwa na nini?”

“Kitabu chake cha mwisho. Cha maisha yake. Alinidokeza mwanzo wake tu.”

“Wewe hukukisoma? Na herufi unazijua?”

“Nimesoma chuo cha Kurani miaka saba, afande, najua. Lakini baba hakumpa mtu asome kitu ambacho hajakimaliza. Hata mama, Mungu amrehemu, hakusoma hotuba yake hata moja kabla hajaitoa. Alikimaliza Jumatano. Akasema, ‘Jumamosi nitakusomea mwenyewe.’ Jumamosi ni kesho.”

Alisema hivyo bila kulia. Projestus aliyaandika maneno yote.

Upande wa pili wa barabara aliishi Hamisa, mwanamke wa makamo aliyepika wali wa kuuza. Yeye hakuhitaji kuulizwa.

“Mie nimemwona Marselino kwa macho yangu haya mawili! Saa sita kaingia, sita na robo katoka, kauso kamekunjamana kama nguo iliyolaliwa. Na Jumatano je? Mtaa mzima umesikia. ‘Utalipa jina la bibi yangu!’ Ndivyo alivyomwambia mtu mzima yule. Mtu mwenye mguu mbovu, hata msikitini haendi!”

“Baada ya sita na robo alikuja nani?”

“Hapo mie nilikuwa uani kwangu nachuja tui. Wanaume wote walikuwa Ijumaa. Barabara ilikuwa nyeupe, paka tu.”

“Tui ulilichuja mpaka saa ngapi?”

Hamisa alimtazama kama mtu aliyeulizwa umri. “Mpaka lilipokwisha, baba.”

Wanaume walikuwa wametoka msikitini tangu saa saba na nusu. Mwishehe Mwinshaha, mpwa wa marehemu na balozi wa nyumba kumi, alikuja na kanzu yake ya Ijumaa, akaangalia mara moja chumbani, akatoka akiwa na hasira kuliko huzuni.

“Nilimwambia mjomba. Nilimwambia, achana na hilo daftari. Alikuwa anatuvua nguo.”

“Kwa vipi?”

“Alisema ataandika habari za babu yetu. Za shamba la minazi na watu waliolilima. Nani anataka habari hizo leo? Sie tumejenga jina, yeye anataka kulibomoa na miaka yake sabini!”

“Ulikuwa wapi saa sita na nusu?”

“Safu ya kwanza, nyuma ya imamu, bega kwa bega na Shehe Abeid. Waulize watu arobaini.”

Projestus aliwauliza tisa, kila mmoja peke yake. Wote walisema safu ya kwanza.

Audax Kamugisha alifika saa kumi kamili, kwa miguu kutoka kituo cha basi, suti yake ya mikono mifupi ikiwa na jasho mgongoni. Alikuwa Afisa wa Utamaduni, mtu wa miaka arobaini na mitano. Jina lake lilikuwa kwenye jalada la Barua za Ukanga, toleo la shule: “Zimesomwa, zimethibitishwa na kuandikwa kwa herufi za Kirumi na A. Kamugisha.” Mwezi uliofuata alikuwa aanze kazi ya ukurugenzi wa nyaraka za kale. Magazeti yalikwisha kutangaza: kijana wa Ziwa Magharibi aliyeirudishia pwani sauti yake.

Alimshika Projestus mkono kwa mikono miwili, akamsalimu kwa Kihaya. Projestus aliitikia kwa Kiswahili.

“Ndugu Audax, ulikuja hapa lini mara ya mwisho?”

“Jana, Alhamisi, saa tisa alasiri. Nilikaa kiti kile saa mbili nzima. Alinipa daftari, nikalisoma lote, tangu ukurasa wa kwanza hadi wa mwisho. Kazi ya ajabu.” Akashusha sauti. “Isipokuwa sura ya mwisho. Pale mzee aliteleza.”

“Kwa vipi?”

“Aliwatukana Wamakonde. Aliandika kwamba waliokuja Ukanga walikuja kwa njaa, wakajiuza wenyewe. Nilimsihi aifute. Kuna fundi hapa jirani, bibi yake alitoka huko. Nilimwambia, mzee, mtu huyu akisikia atakuja na patasi.”

“Na leo saa sita na nusu ulikuwa wapi?”

“Ofisini, mjini. Nilikuwa peke yangu, wenzangu wote wa zamu ile ni Waislamu. Unajua ilivyo Ijumaa.” Alitabasamu kidogo. “Sisi wawili tunajua.”

Projestus aliandika neno “peke yake” na kulipigia mstari. Mkuu wa kituo aliliona jambo kwa namna nyingine. Gogo la mpingo lilitoka kwenye karakana ya Marselino. Marselino alimkaripia marehemu mbele ya mashahidi. Marselino alikuwa mtu wa mwisho kuonekana akitoka. Na sura iliyokatwa ilikuwa ikimhusu Marselino.

“Unataka nini zaidi?” mkuu aliuliza. “Wakubwa wamepiga simu mara nne. Jumatatu saa tatu asubuhi asomewe shitaka la kuua.”

Shitaka la kuua lilikuwa na adhabu moja tu.

Walimkamata saa kumi na moja na nusu. Marselino Nandonde, miaka thelathini na minne, Mkatoliki, mzaliwa wa Newala, hakukimbia. Mfukoni mwake walikuta kipande cha uzi wa katani chenye mafundo mawili.

“Huu ni wa nini?”

“Wa kupimia.”

“Kupima nini?”

“Unene wa daftari la mzee, nalichongea jalada. Ndicho kilichonipeleka leo. Nilipima, nikaondoka.”

“Na uso ulikuwa umekunjamana.”

“Uso wangu ndivyo ulivyo!” Marselino alipiga meza kwa kiganja. “Afande, sikilizeni. Bibi yangu alitekwa akiwa mtoto, akavushwa mpaka Ukanga, akalima minazi ya kina Fakihi miaka kumi na tisa. Huko walimpa jina Faida. Faida! Kama gunia la nazi. Mie nimekua nikisikia redioni kwamba Ukanga hapakuuzwa mtu wala kununuliwa mtu. Shuleni mwanangu amekariri hayo. Nyumbani anauliza, baba, sasa bibi alikwenda kutembea?”

“Ndiyo maana ukamtishia mzee.”

“Nilimkaripia. Mwaka mzima nimemkaripia. Na yeye akanikaribisha ndani, akanipa kahawa. Akasema ataliandika jina lake la kweli. Jumatano akaniambia ameliandika, lakini juu ya jalada hataki liwepo. Nikamwambia, utalipa jina la bibi yangu, nalo utalilipa juu ya jalada. Ndiyo hayo mtaa uliyoyasikia.”

“Ndugu Audax ameisoma sura ile. Anasema inawatukana watu wenu.”

Marselino aliondoa kiganja mezani. Kisha akasema taratibu, “Mie herufi zile sizijui. Kama mzee alinidanganya, sijui.”

Jumamosi asubuhi, saa tatu na dakika ishirini, Projestus alikagua karakana: banda la mabati, vumbi la mpingo, tezo mbili, patasi tisa, zote safi. Juu ya benchi palikuwa na mbao mbili nyembamba za mninga, zimepigwa msasa, ukubwa wa daftari lile hasa. Moja ilikuwa tupu. Nyingine ilikuwa na nakshi ya mawimbi pembeni, na nafasi katikati iliyoachwa kwa maandishi. Aliandika: “Mashimo sita ya uzi, ukingo wa kulia wa ubao wenye nakshi.” Alidhani fundi amekosea, akaendelea na kazi.

Mchana alirudi kwa Somoe.

“Alhamisi Ndugu Audax alipokuwa hapa, ulisikia nini?”

“Nilikuwa uani nafua. Niliwasikia wakizungumza muda mrefu, sauti za chini. Halafu baba akacheka. Kile kicheko chake cha bungeni, cha kumkomesha mtu. Akasema, ‘Chukua basi, soma mwenyewe. Si wewe msomaji wa barua za kale?’ Nikadhani wanataniana. Nilipoleta chai Ndugu Audax hakuinywa.”

“Alikuwa ameshika daftari?”

“Lilikuwa mezani, limefungwa. Baba aliweka kiwiko juu yake.” Alifikiri. “Wakati anaaga, baba alimwambia kwamba kesho mimi nitakuwa kwenye foleni ya sukari, akija asitegemee chai.”

Projestus alirudi kituoni, akaomba ruhusa ya kufungua kielelezo na kukipeleka kwa msomaji. Mkuu alikataa. Sura inayohusika imekatwa, alisema, hizo nyingine ni hadithi za uzeeni. Projestus hakubishana. Baadaye katika ripoti yake aliandika kwamba kutobishana siku hiyo kulikuwa kosa lake la pili. La kwanza lilikuwa limeandikwa kwa mkono wake mwenyewe tangu Ijumaa, na hakuwa amelitambua.

Alilitambua Jumapili, saa tisa na dakika arobaini alasiri, kwenye hitma.

Mwinjuma alizikwa Jumamosi baada ya alasiri. Jumapili mikeka ilitandikwa barabarani mbele ya nyumba, wanaume wakakaa, na Mwishehe akapita akigawa juzuu, vile vitabu thelathini vyembamba ambavyo kila mmoja hubeba fungu la msahafu, ili Kurani isomwe yote kwa kikao kimoja. Viti sita viliwekwa pembeni kwa wageni wasio Waislamu. Projestus alikaa kimoja. Kiti cha tatu alikaa Audax, karatasi ya hotuba mfukoni.

Mzee mmoja karibu na miguu ya Projestus alipokea juzuu yake, akaibusu, akaifungua. Aliifungua kule ambako Projestus angesema ni nyuma. Akasoma ukurasa, akafunua wa pili kwa kuupeleka kulia. Jirani yake akafanya vilevile. Watu thelathini walifungua vitabu thelathini, na wote walianza mwisho.

Projestus aliinuka. Alitembea hadi uchochoroni, akatoa kijitabu chake, akasoma mstari wake wa Ijumaa: karatasi kumi na moja za mwanzo ni tupu. Hakuna mtu anayeanza kitabu kwa kuruka karatasi kumi na moja. Karatasi tupu hubaki mwishoni, pale mwandishi anapokomea. Alisoma na mstari wa Jumamosi: mashimo sita, ukingo wa kulia. Fundi hakuwa amekosea.

Alikuwa amekaa na daftari lile siku mbili, amelishika kinyumenyume, na mtu yuko mahabusu kwa ajili hiyo. Alipiga ukuta ngumi moja. Kisha akamtuma koplo kituoni na gari, na maneno ya kumwambia mkuu: kielelezo kinafunguliwa leo, kwa dhamana yangu.

Saa kumi na dakika ishirini na tano, watu watano walikuwa ndani ya chumba cha mbele: Projestus, koplo mlangoni, Somoe, Mwishehe na Audax. Meza ilikuwa imerudishwa mahali pake. Projestus alikata lakiri mbele yao, akaweka daftari mezani.

“Ndugu Audax, wewe peke yako ndiye uliyelisoma. Nisaidie kitu kidogo. Nionyeshe sura ya mwisho ilipokuwa.”

“Lakini imekatwa, Inspekta.”

“Nionyeshe mahali tu.”

Audax alisogea. Alifungua jalada, akashika karatasi zote kwa kidole gumba, akazipeleka kushoto hadi zilipokwisha, akafika kwenye vishina kumi na vinne. “Hapa. Masikini.”

Mwishehe aliguna. Somoe aliweka kiganja mdomoni.

“Una hakika?”

“Nimeisoma kwa macho yangu.”

“Mwalimu Somoe,” Projestus alisema, “hapo alipoweka kidole ni wapi?”

“Hapo ni mwanzo,” Somoe alisema. Sauti yake ilikuwa imebadilika. “Hapo ndipo panapoandikwa Bismillahi. Mtoto wa chuo wa miaka sita anajua. Sura ya mwisho iko huku.” Alilizungusha daftari, akapita zile karatasi tupu, akafika kwenye maandishi. “Ipo. Yote ipo. Hii hapa tarehe ya Jumatano.”

“Ni giza humu,” Audax alisema. “Nimechanganyikiwa tu, msiba huu—”

“Basi soma mstari mmoja,” Mwishehe alisema. “Wowote. Chagua mwenyewe, ndugu yangu. Kitabu umekiandika, kina jina lako, wanangu wamekinunua. Soma!”

Audax hakusoma. Alimgeukia Projestus na kuanza kusema Kihaya, haraka, kwa sauti ya chini. Projestus alimsikiliza kwa muda wa sentensi mbili.

“Sema Kiswahili,” alimwambia. “Hawa ndio wenye msiba. Unachoniambia mimi na wao wakisikie. Anasema, jamaa zangu, kwamba tumetoka nyumbani kumoja na nisimwache aaibike mbele ya watu wa pwani. Ndugu Audax, barua ni karatasi moja moja. Hazina jalada la mbele wala la nyuma, ndiyo maana miaka kumi na minane hukukamatwa. Mwalimu, tusomee.”

Somoe alisoma akiwa amesimama, kama alivyosimama darasani.

“‘Mimi Mwinjuma bin Fakihi naandika haya nikiwa na akili zangu. Barua saba za Ukanga niliziandika mimi, kwa mkono wangu, mwezi wa Machi 1956, kwa wino wa masizi, juu ya karatasi nilizozing’oa katika vitabu vya babu yangu. Tulihitaji neno moja la kutuunganisha, na kweli haikuwa nalo. Niliona pwani ikigawanywa mji kwa mji, nikakasirika, nikaitungia wazee wema. Ndugu Audax Kamugisha alitia jina lake kwamba amezisoma na kuzithibitisha. Hajui hata herufi moja. Mimi ndiye niliyemsomea, na yeye akaandika, na wote wawili tukapata vyeo.

“‘Ukanga watu walinunuliwa. Babu yangu alinunua kumi na wanne. Miongoni mwao alikuwa mtoto wa Kimakonde, wakamwita Faida. Jina lake alilopewa na mama yake ni Nambunga. Tukisema sisi ni watu wa bahari moja, tuanze na yeye, maana sisi tuliivuka kwa kupenda na yeye aliivuka kwa kamba. Asiyemtaja yeye asitamke neno hilo tena. Nami ndiye wa kwanza ninayestahili kunyamazishwa.’”

Nje, kisomo kilikuwa kinaendelea. Mwishehe alikuwa ameinamisha kichwa.

“Hapana tusi,” Projestus alisema. “Maneno ya kuwatukana Wamakonde uliyatunga Ijumaa saa kumi, ukijua kurasa hazipo na mtu wa kushukiwa yupo. Mzee alikuambia Alhamisi, kwa mdomo wake, kwamba amekuandika katika sura ya mwisho. Alikwambia vilevile binti hatakuwepo. Wanaume wangekuwa msikitini. Mwanamume pekee wa mtaa huu asiyekwenda Ijumaa, zaidi ya mzee mwenye mguu mbovu, ni Marselino, na Marselino alijua kitabu hiki kinafunguliwa upande gani. Amekitobolea mbao zake ipasavyo, ziko karakanani. Angetaka sura ya mwisho, angekata sura ya mwisho. Aliyekata mwanzo ni mtu aliyeitaka hii na asiyejua iko wapi.”

Audax alikuwa akitazama daftari. Hakuonekana kuwasikia. Alinyoosha mkono, akagusa vile vishina, akavihesabu kwa ukucha.

“Basi nilichoma nini?” aliuliza.

Koplo aliacha mlango, akasogea karibu.

“Nilichoma nini?” Audax alirudia, na safari hii alipiga kelele. “Nilimwomba! Nilimpigia magoti hapa, kwenye sakafu hii! Nikamwambia, mzee, wewe umekula chumvi nyingi, mimi bado nina watoto. Akanicheka. Akanipa mgongo! Nilitumia miaka kumi na minane kuwafanya watu hawa wajulikane Tanzania nzima, mimi, siyo wao, halafu ananiita mjinga mbele ya karatasi! Kurasa zile nilizichoma moja moja, jikoni kwangu Kinondoni. Nilichoma nini?”

“Utoto wake,” Somoe alisema. “Alisema sura ya kwanza ni ya bibi yangu aliyemzaa. Hapana picha yake. Hapana mtu mwingine aliyemjua. Ulimchoma mama yake.”

Alisogea hatua moja, akampiga Audax kofi, kwa nguvu, na hakuna aliyemzuia. Projestus aliangalia saa. Ilikuwa saa kumi na dakika hamsini. Alimkamata Audax Kamugisha kwa kosa la kumuua Mwinjuma Fakihi, akamsomea haki zake, akaliandika na lile kofi.

Saa kumi na mbili jioni, kwa ruhusa ya mtuhumiwa mwenyewe, polisi walipekua nyumba yake Kinondoni. Katika jivu la jiko la mkaa walipata ncha ya karatasi isiyoungua, kama kidole gumba kwa ukubwa. Juu yake palikuwa na neno moja, ambalo Somoe alilisoma: “mama.” Wembe ulikuwa kwenye mfuko wa shati lililolowekwa.

Marselino aliachiwa Jumatatu, tarehe 17 Juni, saa tatu na dakika kumi. Mkuu wa kituo alimwambia anaweza kwenda.

“Siku tatu,” Marselino alisema. “Mngalimwita mtoto yeyote wa chuo, ingalikuwa dakika tatu.”

Mkuu aliangalia makaratasi yake. Projestus ndiye aliyejibu: “Ni kweli.”

Mahakama Kuu ilimtia hatiani Audax Kamugisha tarehe 5 Machi 1975. Daftari lilirudishwa kwa Somoe Ijumaa, tarehe 14 Machi, saa nne asubuhi, naye akatia sahihi ya kulipokea. Siku hiyohiyo alilipeleka kwenye banda la mabati. Marselino alikuwa amekwisha kujaza ile nafasi ya katikati ya ubao: jina moja, Nambunga, kwa herufi za Kirumi na kwa herufi za Kiarabu, hizi za pili akifuatisha mwandiko ambao Somoe alimchorea kwa penseli.

“Zilikatwa ngapi?” Marselino aliuliza.

“Kumi na nne.”

Kabla hajakaza uzi, Somoe alitoa karatasi kumi na moja tupu mwishoni mwa daftari, akaongeza tatu kutoka daftari la shule, akazihesabu mara mbili, akaziweka upande wa kulia, pale sura ya kwanza ilipokuwa.